Mama wa Daktari wa Masizi

Mtu akiwa na harusi, hitima au Maulidi pale Voi katika miaka ya tisini, mlango wa kwanza kubishwa ulikuwa wa Mwanamina, mke wa Alwi muuza taa. Sheikh angepatikana, na hema lingepatikana, lakini mpishi wa kupika gunia zima la mchele pasiwe na punje iliyoshikana na mwenzake, huyo alikuwa mmoja tu. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mikono, mwepesi wa miguu, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi cha kuwafanya watu wainame kumsikiliza. Babu yake alikuja na reli kutoka Mombasa akafungua duka la nguo karibu na stesheni, na tangu hapo ukoo ule ukawa wa Voi, ingawa nyumbani waliendelea kusema "wataka nini" na "n'naja" kama watu wa Mji wa Kale.

Mumewe, Alwi, alikuwa na duka dogo la kandili na tambi zake, stovu za mafuta ya taa na makufuli. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Rayhana, na huyo mmoja akatoka na akili za kumi. Alipomaliza kidato cha sita alipata nafasi ya kwenda kusoma Urusi, sehemu za Siberia, ambako watu walisema mate huganda kabla hayajafika chini. Mwanamina alimfungia achari ya maembe na sweta mbili za mitumba, akamsindikiza, akarudi nyumbani akalala na viatu.

Rayhana hajakaa sana huko, ile nchi aliyoiendea ikavunjika. Alwi aliweka sikio kwenye redio siku nzima, duka likiwa wazi bila mtu wa kuuza. Barua ilipofika ilisema yeye ni mzima, chuo kipo, waalimu wapo, ila mkate umekuwa shida. Basi akaendelea. Akamaliza digrii ya kwanza, akashika ya pili, kisha ya tatu, na kila Idi alipiga simu dukani kwa baba yake.

Katika simu moja kama hiyo, laini ikikwaruza kama mtu anayekuna nazi, Rayhana alisema, "Mama, nimekuwa daktari."

"Alhamdulillahi. Daktari wa nini, mwanangu?"

"Natumia eksirei, mama, kutazama..." Hapo simu ikakatika.

Mwanamina hakuhitaji zaidi. Alitoka dukani akamwambia Wakesho, jirani yake Mtaita aliyekuwa akiuza kabichi na sukumawiki kutoka milimani, kwamba Rayhana ni daktari wa eksirei. Kufikia jioni soko zima lilikuwa na habari. Na tangu siku hiyo, popote alipokwenda kupika, wenye shughuli walimuuliza habari za daktari, naye alijibu kwamba hajambo, huku akikoroga, na mwiko ulikuwa mwepesi mkononi.

Rayhana alirudi likizo mwezi wa Juni mwaka wa tisini na tisa, mfungo sita, Maulidi yakiwa yanakaribia. Aliondoka msichana, akarudi mwanamke mrefu, mwembamba wa mashavu, na miwani. Mwanamina alimshika kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayechagua tikiti, akamgeuza huku na huku, kisha akamwambia aende akaoge, chakula kiko tayari. Siku ya kwanza ikapita kwa kula na kulia na kucheka.

Asubuhi ya pili, kabla chai haijaiva, mlango ulibishwa. Alikuwa Wakesho, na kwapani alikuwa na bahasha kubwa ya kahawia.

"Nimekuja kumsalimia daktari," alisema. "Na kwa vile nimekuja, nimebeba na goti."

Nyuma yake alisimama mzee Musyimi, mstaafu wa reli, naye na bahasha yake ya mgongo. Nyuma ya Musyimi alikuwa Nzembi, mke wa Kiema, Mkamba aliyehamia Voi miaka mingi iliyopita kwa kazi ya kupasua mawe. Nzembi alibeba picha ya kifua cha mumewe. Kiema mwenyewe alibaki nje kando ya geti, kofia mkononi, akitazama barabara kama mtu aliyepita tu.

Mwanamina aliwakaribisha wote, akaongeza maji kwenye birika. Moyoni alikuwa amejaa fahari. Alimwita Rayhana, akamvutia kiti karibu na dirisha, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Hawa ni watu wetu, mwanangu. Watazame."

Rayhana alimwangalia mama yake, kisha bahasha, kisha tena mama yake. Alipokea picha ya Wakesho, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akatazama kwa muda.

"Picha imepigwa vizuri sana," alisema. "Unaona hapa mfupa ulivyozuia mionzi, na hapa kwenye nyama mionzi ikapita?"

"Naona," alisema Wakesho. "Sasa inaumwa nini?"

"Sijui, Mama. Mimi si daktari wa watu."

Birika lilichemka, hakuna aliyelishughulikia. Mzee Musyimi alikohoa, akauliza kwa heshima na bila mzaha wowote, maana jamaa zake walikuwa na mifugo upande wa Ndara, "Ni wa ng'ombe, basi?"

"Wala wa ng'ombe, Mzee. Ni udaktari wa elimu, wa fizikia. Eksirei ninayotumia mimi haitazami mgonjwa."

"Ah," alisema Musyimi, akairudisha picha yake kwenye bahasha polepole. Walikunywa chai. Walimuuliza Rayhana habari za theluji, na kama ni kweli watu wa kule hula samaki mbichi. Kisha wakaaga mmoja mmoja, wakashukuru kwa chai. Hakuna aliyecheka wala kunung'unika, na hilo ndilo lililomuumiza Mwanamina zaidi.

Alipobaki na binti yake alihamia jikoni nyuma ya nyumba. Lilikuwa banda la mabati lenye mafiga makubwa matatu, kuta zake nyeusi tititi. Aliinamia sufuria la shughuli iliyopita, akaanza kulisugua kwa jivu na makumbi ya nazi. Rayhana alimfuata, akachutama kando yake.

"Huwezi kumtibu mtu hata kikohozi?" Mwanamina aliuliza bila kuinua kichwa.

"Siwezi, mama."

"Miaka yote hiyo."

"Nilikwambia kwenye simu. Simu ikakatika."

"Ungepiga tena."

"Simu ya kule mtu hupanga foleni nusu siku. Nikadhani umenielewa."

Mwanamina alisugua. Jasho lilimshuka puani. "Haya. Hiyo eksirei yako yatazama nini?"

Rayhana akasema kwa sauti ndogo, "Masizi."

"Nini?"

"Masizi, mama. Tunalipua kitu, na kabla hata moshi haujatoka, tunapitisha eksirei katikati tuone masizi yanavyozaliwa."

Mwanamina aliinua mikono yake, myeusi hadi kwenye viwiko. Akaitazama. Akatazama kuta. "Masizi n'nayo hapa tangu wiki ya harusi yangu," alisema. "Ungeniuliza. Hakukuwa na haja ya kwenda Siberia."

Rayhana akaanza kutikisika mabega, na Mwanamina alipogundua kwamba ni kicheko na si kilio, alimrushia kumbi. Lakini yeye mwenyewe hakucheka. Alikuwa na fundo rohoni, na fundo hilo alilala nalo.

Mchana wa siku iliyofuata Alwi alikuja kula, akaona mkewe anapakua kimya. Alijua sababu, Voi nzima ilijua. Alikula kwanza, akanawa, ndipo akasema, "Mimi n'nauza tambi tangu ujana wangu. Sijawahi kujua utambi ukiwaka hufanya nini kule ndani. Mtoto wangu anajua. Mimi yanitosha."

"Wewe hukujiwa na watu na bahasha zao," alisema Mwanamina.

"Kweli," alisema Alwi, akarudi dukani.

Alipokuwa bado anakusanya vyombo, Nzembi alirudi, peke yake. Alikataa kukaa. Alisema hakuja kwa lawama, amekuja kwa shida. Mumewe alikuwa anakohoa tangu mwezi wa tatu. Hospitali walimpiga picha, wakamwambia arudi siku ya kliniki daktari aisome. Siku ya kliniki ikafika, Kiema akaenda kazini. Ikafika ya pili, akaenda kazini. Bahasha ilikaa chini ya godoro, naye alikuwa ameilalia.

"Anaogopa," alisema Nzembi. "Kazi yake ni vumbi na baruti. Ameona wenzake. Jana alikubali kufika mpaka geti yenu kwa sababu ilikuwa ni nyumba, si hospitali. Sasa nimefikiria. Huyu msichana kama hawezi kusoma picha, si anaweza kutembea na sisi? Kiema akiona mtu wa eksirei yuko na yeye, ataingia."

Rayhana alisikia kutoka chumbani. Akatoka na viatu mkononi. "Mama Koki," alisema, maana binti wa kwanza wa Nzembi aliitwa Koki, "mimi sitaweza kumwambia chochote kuhusu kifua chake."

"Usimwambie. Tembea tu."

Wakatembea. Mwanamina alienda pia, na chupa ya chai na mahamri kwenye kitambaa, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kwenda hospitali ya Voi akarudi mapema. Walimkuta Kiema nyumbani, amevaa shati safi, mwanaume mkubwa mwenye mikono yenye makovu, amekaa mwisho wa kiti kama mgeni. Hakubisha. Njiani alitembea kando ya Rayhana, bahasha ikimpigapiga gotini.

Kwenye benchi la hospitali ujasiri ulimwisha. "Hii foleni ni refu," alisema akiinuka. "Afadhali nirudi kesho."

"Keti, Baba Koki," alisema Mwanamina, akamtia andazi mkononi. Kiema akaketi.

Ili asiangalie mlango wa daktari, alimgeukia Rayhana. "Wanasema unalipua vitu huko Urusi."

"Vidogo. Kipande kama cha sabuni ya kuogea, ndani ya pipa la chuma nene."

"Na unatumia waya ama utambi?"

"Waya. Lazima tujue kililipuka wakati gani hasa, kwa sababu jambo tunalolitafuta linaanza na kwisha haraka mno. Ukipepesa jicho mara moja, limetokea na kumalizika mara elfu nyingi."

Kiema alifikiri. "Mimi hulipua timbo karibu kila wiki. Naona mawe yameinuka, alafu moshi. Hapo katikati sijawahi kuona kitu."

"Hakuna anayeona. Kuna moto mkali mno, na jicho haliwezi kupita kwenye moto. Eksirei inapita. Ndiyo maana tunaitumia."

"Kama vile ilipita kwa mimi."

"Kama vile ilipita kwako."

Kiema alikula andazi lake. Walizungumza habari za baruti, ipi hutoa moshi mweusi na ipi moshi wa manjano, na kwa nini hata kwenye mawe makavu baadhi ya mashimo hubaki na weusi ukutani. Mwanamina alisikiliza. Hakuelewa yote, lakini aliona mabega ya Kiema yameshuka, na jina lake lilipoitwa aliinuka na kuingia kwa daktari bila kusukumwa, Nzembi nyuma yake.

Walikaa ndani kitambo. Nzembi alipotoka alikuwa amejifunika uso kwa leso, na Mwanamina akasimama. Lakini Nzembi alikuwa anafuta machozi ya faraja. Pafu la kulia, chini, lilikuwa na uambukizo wa siku nyingi ambao haukutibiwa ukaisha. Ungetibika. Daktari aliandika dawa, akamwambia Kiema apumzike, na akirudi kazini aache kutoboa mawe makavu. Kuweka baruti aweke, vumbi la kutoboa alikimbie.

"Tu hiyo," alisema Kiema, kama mtu aliyedhulumiwa. "Miezi yote hiyo nimelalia bahasha, kumbe tu hiyo."

Walipofika njia panda alimpa Rayhana mkono. "Ukitaka kuona mlipuko ya kweli, si ya sabuni, nitakuita."

Maulidi yakafika. Mwanamina alipika, na msaidizi wake wa miaka yote alikuwa ameolewa Taveta mwezi uliotangulia, kwa hiyo mikono ilikuwa michache. Alfajiri alimkuta Nzembi nje ya geti na kisu chake mwenyewe. Alisema hajui pilau, lakini vitunguu ni vitunguu. Akamenya gunia bila kupumzika, akachota maji, akashika upande wa pili wa sufuria lilipotakiwa kuepuliwa. Mwanamina alimwangalia anavyopanga kuni, zisizidi wala kupungua, na akamwambia jinsi ya kupalia makaa juu ya mfuniko. Nzembi alipalia kama aliyezaliwa na kazi hiyo. Kasida zilipokuwa zinasomwa msikitini, wanawake hao wawili walikaa nyuma ya hema wakipepea nyuso zao kwa vifuniko vya karatasi, wakicheka kuhusu bahasha iliyolaliwa.

Wito wa Kiema ulikuja mwezi wa saba ukielekea mwisho. Kikohozi kilikuwa kimekwisha na alikuwa amerudi kazini kwa masharti ya daktari. Timbo lilikuwa upande wa Mraru, kando ya barabara ya Taveta, kilima kilicholiwa nusu. Mwanamina hakupanga kwenda. Alisema ana kazi. Lakini Rayhana alipokuwa anafunga mtandio wake mlangoni, mama yake alimwona ana uso uleule aliokuwa nao siku ya kwanza ya shule, na akachukua buibui lake.

Kiema aliwasimamisha mbali, nyuma ya ukingo wa mawe, akawapa kofia ngumu. Ya Mwanamina ilikaa juu ya buibui kama kifuniko cha buli. Kule chini mafundi walimaliza kufunga waya, wakapuliza kipenga, wakakimbia. Kiema alikagua kila upande, akainama kwenye kisanduku chake.

"Bismillahi," alianza Mwanamina.

Hakuwahi kumaliza. Ukuta wa kilima ulivimba kimya kimya, kama unga uliochachuka, ukapasuka mistari, na ndipo sauti ikafika na kumpiga kifuani. Mawe yaliporomoka kwa muda mrefu. Moshi ukapanda, kijivu, na ndani yake nyuzi nyeusi.

Rayhana alikuwa amemshika mkono. "Umeona, mama? Ukuta ulisogea, ndipo ukasikia. Lakini wakati ukuta unaanza kusogea, yale ninayoyatafuta yalikuwa yamekwisha zamani. Masizi yalikuwa yamezaliwa, yamekua, yameshikana. Ulipokuwa kwenye 'Bi'. Hata kabla ya 'Bi'."

"Sasa wayapigaje picha?"

"Hatupati picha kama ya goti la Wakesho. Ule mtambo wetu ni duara kubwa, kama nyumba. Ndani yake umeme unakimbia mviringo, na kila ukipita mbele yetu unamulika mara moja, mmweko mfupi mno. Unamulika, unazunguka, unamulika. Kila mmweko unapita katikati ya mlipuko. Chembe za masizi zinaupinda kidogo pembeni. Mama, umewahi kuona mwezi ukiwa nyuma ya wingu jembamba, una duara?"

"Nani hajaona?"

"Lile duara ni matone ya wingu yanaupinda mwanga. Matone yakiwa madogo, duara ni pana. Yakikua, linabana. Kwa hiyo mtu akiliangalia duara tu anaweza kujua ukubwa wa matone, ingawa hajaligusa wingu. Nasi tunafanya hivyo. Mmweko wa kwanza, duara pana, hafifu. Wa pili, limebadilika. Tunajua kwamba chembe zinakua."

Alisema kwa haraka, mikono ikichora hewani, miwani imeshuka puani. Mwanamina alitazama zaidi mikono kuliko moshi. Duara la mwezi alilijua. Alipokuwa mdogo nyanya yake alikuwa akimwambia kwamba mwezi umefunga kilemba.

"Na mnajua yanakuaje?" aliuliza.

"Bado. Mwaka huu ndio kwanza tunajaribu, na tulichopata ni hafifu sana. Wengine wanasema chembe zinazaliwa papo hapo, zikiwa kamili. Wengine wanasema zinazidi kukua hata baada ya moto kupita. Nami niko katikati yao na mahesabu yangu. Kuna siku tulilipua asubuhi mpaka jioni, na jioni tukagundua kwamba waya mmoja ulikuwa umelegea. Nilikaa kwenye ngazi nikalia."

"Kisha?"

"Kisha tukaukaza, tukaanza tena."

Kiema alikuwa amekuja, amesimama na kisanduku kwapani. Rayhana akamgeukia. "Baba Koki, masizi mengine ya milipuko ni almasi. Kaboni ileile ya kwenye sufuria la mama, ila imebanwa kwa nguvu nyingi mno, kwa muda mfupi mno. Ni ndogo hata darubini ya kawaida haizioni."

Kiema aliangalia nyuma haraka kuona kama mafundi wamesikia. "Daktari," alisema kwa sauti ya chini, "hiyo neno usiseme tena huku. Taita yote inachimba vito. Kesho hapa itakuwa na watu na ndoo, wakikwangua ukuta."

"Hata wakikwangua hawatapata kitu. Hapa ni hewa wazi, zinaungua. Na hata zingekuwepo, chembe milioni hazitoshi hata pete ya sisimizi."

"Utawaelezea wewe hivyo?"

Rayhana akafikiri. "Hapana," alisema, na Kiema akacheka hadi akainama, kicheko kizuri, kisicho na kikohozi ndani yake.

Wakarudi, wakashuka sokoni. Hapo Mwanamina alisimama mbele ya kibanda cha Wakesho, akachagua kabichi, akalipa. Wakesho aliuliza vumbi lile la kwenye buibui limetoka wapi.

"Timboni," alisema Mwanamina. "Nilikwenda na Rayhana kutazama kazi yake." Kisha, bila kuulizwa, alianza kumweleza Wakesho habari za mwezi na kilemba chake, akakosea mahali kuhusu ule mtambo wa duara, na Rayhana hakumrekebisha. Wakesho alisikiliza, mkono kiunoni. Mwishoni aliuliza kama kazi hiyo ina faida.

"Yeye aipenda," alisema Mwanamina. "Hilo la kwanza. Hayo mengine watayatafuta wenye kuyataka."

Wiki za mwisho zilikuwa za kawaida, na kwa sababu hiyo zilikuwa tamu. Rayhana alisaidia dukani, akakaa kizingitini na baba yake mchana duka likiwa halina mtu, wote wawili kimya, kila mmoja na gazeti lake. Alimpeleka Wakesho na goti lake hospitali, na mzee Musyimi na mgongo wake, mpaka wauguzi wakaanza kumwita karani wa picha. Jioni moja Mwanamina alimuuliza kama atarudi kabisa. Rayhana alisema anataka miaka miwili au mitatu zaidi, swali lake halijajibiwa. Baada ya hapo angetafuta chuo Nairobi. Hakuapa, na Mwanamina hakumwapisha. Aliweka akilini miaka mitatu, si miwili, ili ikija mapema iwe furaha.

Mwisho wa mwezi wa nane alipanda basi la asubuhi. Alwi alibeba mkoba mpaka mlangoni, akarudi nyuma, akasafisha miwani yake. Mwanamina alimshika binti yake kichwa kama siku ile ya kwanza, ila safari hii hakumgeuza huku na huku. Alimtazama tu, akamwachilia.

Mwezi wa kumi alipata shughuli ya harusi Miasenyi, kwa mwenye hoteli ya kando ya barabara kuu. Alikwenda na Nzembi, ambaye kufikia hapo alikuwa hachukuliwi tena kama msaidizi. Watu walianza kusema Mwanamina na Nzembi, kwa pumzi moja. Siku hiyo Mwanamina alimwachia biriani ya wanaume, akasimamia ya wanawake tu, na hakwenda kuichungulia hata mara moja, ingawa miguu ilimwasha.

Wageni walipokwisha kula, bwana harusi mwenyewe alikuja nyuma kuuliza ni nani aliyepika kule kwa wanaume. Mwanamina alimwonyesha Nzembi kwa kidevu. Nzembi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, aliona haya akageukia ukuta.

Walikula ukoko wakiwa wamekaa juu ya magunia matupu, malori ya Mombasa yakipita na kutikisa ardhi. Nzembi alimwambia kwamba Kiema amefundishwa kazi ya kusimamia mizani timboni, kazi ya kivuli, na sasa analalamika kwamba siku ni ndefu. Mwanamina alisema wanaume hivyo ndivyo walivyo, uwape vumbi, uwape kivuli, watalalamika. Mwenye harusi akawapa pikapu ya kuwarudisha. Walipanga masufuria nyuma, wakapanda juu yake, na Mwanamina akaegemea bega la mwenzake. Jua lilikuwa linateremka upande wa milima ya Taita. Alikusudia kuhesabu miiko asije akaacha mmoja, lakini usingizi ulimpitia kabla hawajafika mbali, na Nzembi akamshika mkono asianguke.